Ng'ombe Asiyetokwa na Jasho

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili, saa sita na robo mchana, mkia wa ng'ombe ulikatika pale Adams Arcade. Habari hii haikutangazwa redioni, ingawa ilistahili.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa kusimama kwa miguu miwili, mweupe mwenye mabaka meusi, kichwa kikubwa kama tangi la maji, na kiwele cha waridi kilichotikisika kila alipopiga hatua. Alikuwa akitangaza Maziwa Kilele mbele ya supamaketi. Aliyening'inia kwenye mkia mpaka nyuzi zikasalimu amri ni msichana wa miaka minne, mwenye gauni la kanisani na adabu ya uwanjani.

Kazi hiyo ina sheria mbili ambazo hazijaandikwa popote lakini hushikwa kuliko Amri Kumi. Ya kwanza, ng'ombe hasemi. Ya pili, kichwa hakitoki mbele ya watoto, hata kiama kikifika. Kwa hiyo ng'ombe aliuokota mkia wake, akaukumbatia kama mtu aliyefiwa, akapita katikati ya watu na vikapu vyao, akainama kuingia katika duka dogo la kurekebisha nguo.

Munyiva alikuwa nyuma ya meza. Alivaa blauzi ya kitenge rangi ya haradali, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, na uso wa mtu aliyeambiwa "naitaka leo" na wateja tisa tangu asubuhi. Alimtazama ng'ombe. Hakucheka. Wiki ilikuwa ndefu.

"Karibu, mzee. Nani amekufanyia hivyo?"

Ng'ombe alielekeza kwato mlangoni, kisha akaishusha mpaka usawa wa goti.

"Mtoto?"

Aliitikia kwa kichwa, pembe ikagonga taa.

"Pole. Geuka. Nitashona ukiwa umeivaa, lakini ukitikisika sindano itaingia mahali ambapo si pa tangazo."

Kwenye cherehani ya dirishani aliketi Selpher, mwenye duka, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye hakuwahi kunyamaza kwa faida ya mtu yeyote. "Muulize kama ana bibi," alisema.

"Selpher anauliza kama umeoa."

Ng'ombe alitikisa kichwa, kwa uangalifu safari hii.

"Anasema hajaoa."

"Wote husema hivyo. Hata wenye pembe."

Mkia ulipokaa, Munyiva alivuta pazia la chumba cha kujaribia nguo, na huko ndani kichwa kikatoka. Ndani yake mlikuwa na kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, macho makubwa yenye uchovu wa mtu aliyelala sana bila kupumzika. Aliomba maji, akanywa vikombe vitatu mfululizo.

"Naitwa Zedekiah Ochola. Asante kwa mkia."

"Kumbe unaongea."

"Kwa ruhusa maalumu."

Munyiva alipokuwa akikagua mshono kwa ndani, mkono wake ulipapasa bitana ya mgongoni na kusimama. "Umevaa hii tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na bitana ni kavu hivi?" Huyu alikuwa mwanamke aliyejua makwapa ya Ngong Road yote, kutoka kwa mawakili hadi kwaya. Joto la mwezi ule lilikuwa limekaa juu ya mji kama mwalimu wa zamu asiye na pa kwenda.

"Ng'ombe hatokwi na jasho," Zedekiah alisema, na wote wawili wakacheka, kwa sababu ilikuwa mzaha.

Jioni hiyo hiyo simu ya Munyiva ililia, ile ambayo namba yake ilibandikwa mlangoni mwa duka.

"Sasa, fundi."

"Poa. Nani?"

"Mkia."

"Umekatika tena?"

"Haujakatika. Ndiyo shida. Nimekosa sababu ya kurudi."

"Basi rudi bila sababu," Munyiva alisema, kisha akashika paji la uso, kwa sababu Selpher alikuwa anasikiliza.

Alirudi. Walianza kutembea jioni kutoka Adams hadi Hurlingham, polepole, yeye katika shati la samawati lililopigwa pasi kama la mtahiniwa, Munyiva katika magauni aliyojishonea mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Walikula mahindi ya kuchoma. Walienda Westlands kutazama nguo kwenye vioo vya maduka, Munyiva akiisema mishono kama mkaguzi wa shule. Alimwita "ng'ombe wangu". Yeye alimwita "jaber", na alipoulizwa akaeleza kuwa kwa lugha ya mama yake ni mrembo.

"Unawaita wangapi hivyo?"

"Wewe na mama. Mama nilimwita akiwa amekasirika."

Alikuwa mcheshi, lakini ucheshi wake ulikuwa na saa zake, kama umeme wa mtaani. Kuna siku alipokea simu akasema, "Jaber, leo ongea wewe, mimi nisikilize," na Munyiva akaongea kuhusu zipu na vifungo hadi maneno yakamwishia. Na kila siku saa moja jioni simu ya Zedekiah ilitoa mlio mdogo, akageuka pembeni, akameza kitu, akarudi na mzaha mpya.

Mafundi wa nguo wana desturi moja: mfuko hupekuliwa kabla pasi haijashuka. Hupatikana humo tiketi, meno ya bandia, na mara moja barua ya talaka. Zedekiah alipoleta koti lake liwekewe bitana mpya, Munyiva aliingiza mkono akatoa chupa ndogo nyeupe ya vidonge. Karatasi yake ilikuwa imebanduliwa, ikabaki gundi tu.

Alimwonyesha Selpher, akiomba kimoyomoyo kuambiwa kitu kingine.

Selpher alizima cherehani, jambo lililofanyika mara mbili kwa mwaka. "Anameza kila siku?"

"Saa moja jioni."

"Saa ile ile?"

"Labda ni vitamini."

"Vitamini haibanduliwi jina, mwanangu. Mimi nimemuuguza dada yangu. Hizo ni za virusi vya ukimwi."

Selpher alikosea. Vidonge vile vilikuwa amitriptilini, dawa ya kutibu huzuni, ile isiyosababishwa na msiba wala njaa, bali huingia tu na kuketi. Daktari wa Hurlingham alikuwa amemwandikia Zedekiah mwezi wa sita mwaka uliopita, baada ya wiki tano ambazo kijana huyo hakuinuka kitandani ila kwa haja. Karatasi aliibandua mwenyewe. Kazini kwake kwa zamani mtu mmoja alisoma jina la dawa, akalitafuta kwenye simu, na kufikia chakula cha mchana ofisi nzima ilikuwa inamwita Wodi, kama ile ya wagonjwa wa akili. Aliacha kazi hiyo mwisho wa mwezi. Ndani ya ng'ombe, alisema moyoni, hakuna anayeuliza.

Munyiva alikaa na jambo lile siku nne. Siku ya tano alimketisha Zedekiah kwenye benchi nje ya maduka ya Hurlingham.

"Nataka kusema kitu, na usinikatize."

"Sema."

"Nimeona chupa. Ilikuwa kwenye koti. Najua ni za virusi, na najua kwa nini ulibandua karatasi." Alikuwa ameshika mkono wake kwa nguvu, kama anayevusha mtu barabara. "Juzi nilienda kupimwa, niko sawa. Nimesoma kitabu walichonipa, kurasa zote. Mtu akimeza vizuri anaishi kama wengine, anazaa kama wengine. Sikasiriki. Na siendi popote."

Zedekiah alifungua kinywa kumwambia kweli. Kweli ilikuwa pale, mlangoni, imevaa viatu. Lakini aliutazama uso wa Munyiva, ulivyochoka na ulivyojikaza, akawaza. Virusi vina mabango barabarani. Vina vitabu, vina kamati, vina siku yao kwenye kalenda. Ugonjwa wake ulikuwa na mjomba mmoja kule Siaya aliyefungiwa kwenye ghala la mahindi, na jina la Wodi.

"Asante," alisema.

Hilo tu. Ulikuwa uongo wa neno moja, tena neno la adabu, na ulikula wiki tatu.

Munyiva alitenda mema bila kupumzika. Kitabu kilisema mgonjwa ale vizuri, basi Zedekiah aliletewa parachichi kila siku mpaka akaanza kuliona usingizini. Kitabu kilisema mgonjwa asifiche kwa watu wa karibu, basi Munyiva alimpigia mama yake Kitui.

"Mwaitu, kuna mtu. Ni Mjaluo, na ana virusi, na nataka kuolewa naye."

Mama alikata simu. Alifunga siku tatu bila chakula, akiomba. Siku ya nne alipiga. "Mlete," alisema, kwa sauti kavu ya njaa.

Munyiva alimweleza Zedekiah hayo akicheka huku machozi yakimtoka. Zedekiah alikwenda maliwatoni akaegemea ukuta. Kila siku iliyopita, kweli ilizidi kuwa ghali, naye alikuwa hajalala vizuri. Alijiambia atasema Jumapili. Jumapili zilikuja zikaondoka.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu tangazo lilihamia Westlands, kwenye maegesho ya jengo moja la maduka, lami ikinata kwenye viatu. Ng'ombe alipaswa kuchezwa kwa zamu za dakika ishirini, lakini mtu wa kupokezana na Zedekiah hakufika, na msimamizi wao Kinyanjui, mtu mwenye filimbi na kofia, aliamua kwamba ng'ombe mmoja mwenye moyo anatosha.

Munyiva alifika saa saba akiwa na parachichi. Muziki ulikuwa juu. Ng'ombe alikuwa anacheza katikati ya duara la watoto, kisha akawa hachezi. Alisimama, akayumba, akaketi chini taratibu, miguu imenyooka mbele. Watoto wakapiga makofi.

Munyiva hakupiga. Alijua namna mtu huyo anavyoketi.

"Zedi," aliita. "Zedi, inua mkono."

Kwato haikuinuka.

"Madam, usitoe kichwa," Kinyanjui alisema, akimziba njia. "Watoto wako hapa. Tumpeleke nyuma kwanza."

"Nyuma wapi? Mtu anakufa humo."

"Ni sheria ya kazi, madam."

Munyiva alitoa mkasi kwenye mkoba, ule mkubwa wa vitambaa ambao hakuruhusu mtu hata akatie karatasi, akampita Kinyanjui, akapiga magoti na kukata mgongo wa ng'ombe kutoka shingoni hadi kwenye mkia. Kisha akang'oa kichwa. Watoto ishirini walilia kwa pamoja. Zedekiah alikuwa macho nusu, midomo imepasuka, na alipoguswa paji la uso alikuwa wa moto kama pasi, bila tone la jasho.

Kliniki ilikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofa ya kwanza. Daktari, mwanamke kijana aitwaye Wangeci, alimvua, akamfunika shuka iliyoloweshwa, akamwelekezea feni mbili na kumtundikia maji. Kipimajoto kilisema arobaini nukta sita. Alipapasa ngozi mara ya pili, akakunja uso.

"Mtu aliyecheza kwenye joto hili angekuwa ameloa. Huyu ni mkavu kama karatasi. Kuna dawa anatumia?"

Munyiva alisogea karibu, akapunguza sauti. "Ana virusi, daktari. Anameza za virusi. Lakini anameza vizuri, hajakosa hata siku moja."

"Zipi hasa? Maana hizo hazimkaushi mtu namna hii."

"Chupa haina jina."

Chini ya shuka, kitu kilijikohoza. "Si za virusi."

"Tulia, mpenzi, daktari hatakucheka."

"Si za virusi, Munyi." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Ni amitriptilini. Miligramu sabini na tano. Tangu Juni."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Za nini?"

Alivuta shuka hadi kidevuni. "Huzuni," alisema.

Hakuna aliyecheka. Daktari aliandika, kisha akavuta kiti. "Sikiliza. Dawa hiyo hufunga jasho. Mwili wako umepoteza mlango wa kutolea joto, na wewe ukaingia ndani ya godoro saa saba mchana. Hukuambiwa?"

"Waliniambia nikae mbali na jua kali." Alimeza mate ambayo hayakuwapo. "Ndani ya ng'ombe hakuna jua."

Wangeci alifumba macho kidogo, kama mwalimu anayesahihisha jibu ambalo kwa bahati mbaya lina mantiki. "Usiache kumeza ghafla. Ukiacha utaletwa hapa kwa sababu nyingine. Mwone daktari wako aibadilishe." Akatoka kutafuta maji mengine.

Feni zilizunguka. Munyiva alikuwa bado ameshika mkasi.

"Huna virusi."

"Sina."

"Hujawahi."

"Sijawahi."

"Mama yangu alikaa siku tatu bila kula."

"Najua."

"Nilikuwa nimeshapanga vile tutazaa, Zedi. Nimesoma kitabu mara mbili. Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umeshakuwa jasiri," alisema. "Niliona ujasiri wa kitu kimoja unatosha. Na niliogopa utaniita kichaa."

"Nilikuja kwako nikidhani unakufa, na nikakaa. Mtihani wangu wa kweli hukunipa nifanye, ukanipa mwingine." Aliweka parachichi kwenye meza ya dawa, kwa sababu hakujua aliweke wapi, akaondoka.

Kwa siku kumi na moja hakupokea simu. Alishona kwa hasira, mishono iliyonyooka kuliko kawaida. Selpher, ambaye aligundua kuwa yeye ndiye aliyeanzisha mambo, alinyamaza siku mbili nzima, na wateja wakauliza kama ni mgonjwa.

Siku ya saba Munyiva alipiga simu Kitui, kwa sababu deni la kweli halina likizo.

"Mwaitu, yule mtu hana virusi."

"Amepona? Niliomba, lakini si kiasi hicho."

"Hakuwa navyo. Nilikosea, naye akaniacha nikosee."

"Sasa ana nini?"

"Ana huzuni. Ni ugonjwa. Anamezea dawa."

"Huzuni ya nini?"

"Si ya kitu, mwaitu. Inakuja tu."

Upande wa mama, kiti kilivutwa. "Ulipozaliwa," mama alisema, "sikukushika wiki sita. Nyanya yako ndiye aliyekuogesha. Watu walisema nimerogwa." Kuku walisikika nyuma yake. "Sikuwahi kumwambia mtu. Sasa nimechoka, wacha nikawape maji hawa kuku." Akakata.

Zedekiah naye alikuwa ameacha dawa. Kinyanjui alikuwa amemwambia wazi: ng'ombe mpya anashonwa, na asiyeweza kumvaa hana kazi. Alifikiri kwamba akiacha vidonge jasho litarudi, kazi itarudi, na labda na Munyiva atarudi, kwa mtu wa kawaida asiye na chupa. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Siku ya pili kichwa kilivuma kama jenereta. Siku ya tatu aliketi kitandani akatazama kamba za viatu, akalia kwa sababu ya kamba za viatu. Jioni, saa moja, alimeza. Kisha aliandika ujumbe, akaufuta mara sita, akatuma wa saba.

"Nilijaribu kuacha dawa. Nimerudia. Jumanne saa nne niko kwa daktari Hurlingham. Sikuombi kitu, ila nimechoka kukuficha."

Jumanne foleni ilikuwa ndefu na viti vigumu. Zedekiah alivaa lile shati la samawati, safari hii bila pasi. Saa nne na dakika kumi Munyiva aliingia, gauni la kijivu, mkoba begani, akaketi kando yake bila salamu. Walitazama ukuta pamoja.

"Nimechoka, Zedi," alisema mwishowe.

"Najua."

"Nilisomea ugonjwa mzima. Sasa naambiwa nianze mwingine."

"Huu hauna kitabu kizuri."

"Basi nieleze wewe. Bila mzaha."

"Kuna asubuhi kiatu kinakuwa kizito. Mguu uko sawa, ila kiatu. Nakitazama mpaka saa nne, saa tano. Siwazi kitu kibaya wala kizuri. Naona tu kwamba kuvaa kiatu ni kazi ya mtu mwingine."

"Na mimi nikiwa hapo? Nikikuvalisha?"

Zedekiah alijua jibu ambalo msichana yeyote angependa kulisikia. Lilikuwa tamu, tena fupi.

"Hata ukiwa hapo," alisema. "Kuna siku utakuwa hapo na haitasaidia. Haitakuwa makosa yako, lakini haitasaidia."

Mgonjwa mmoja aliitwa, akaingia, mlango ukafungwa. Munyiva alivua mkoba begani, akauweka sakafuni katikati ya miguu yake, kama afanyavyo mtu asiyeondoka karibuni.

"Kazi je?"

"Sina. Kinyanjui amepata ng'ombe mwingine."

"Mwambie ng'ombe huyo anywe maji." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mama yangu bado anakutaka Kitui. Anasema tusafiri alfajiri, kwamba huko jua halina heshima kwa wageni."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kweli yote?"

"Yote. Naye ana yake. Atakwambia mwenyewe, akitaka."

Mlango ulifunguka. Muuguzi mwenye faili alichungulia. "Zedekiah Ochola. Unaingia peke yako?"

Zedekiah alisimama. Munyiva naye akasimama, akaokota mkoba.

"Na wewe ni nani wake?" muuguzi aliuliza, kalamu tayari.

Zedekiah alitaka kumwondolea mzigo huo. "Bado hajaamua," alisema.

"Nimeshaamua," Munyiva alisema. "Nimechoka tu."

Muuguzi aliwatazama wote wawili, akaandika kitu kirefu kuliko kawaida, akausukuma mlango kwa bega. "Basi ingieni mketi. Humu ndani kuna feni."